Kutoka karakana hadi mwaloni: mwongozo kamili kwa mvumbuzi wa Kigoma anayejitegemea

Mvua ya Novemba ikianza kudondoka Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, kina mama huacha kila kitu na kukimbilia chanja. Dagaa waliotoka ziwani usiku ule ule wakilowa kabla hawajashika ukavu, jioni wanaanza kunuka, na kesho yake huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nimeliona jambo hilo miaka mingi, na ndilo lililonifanya nitengeneze kikaushio cha dagaa. Njiani nilijifunza kwamba kuunda mashine ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Vijana wengi wa Kigoma, Kasulu na Tabora wana vichwa vizuri kuliko changu, na mashine zao zimeishia kona ya karakana, au zimeishia kwa mtu mwingine aliyeziiga. Ukichunguza, mara nyingi hawakukosa akili wala bidii. Walichukua hatua sahihi kwa mpangilio usio sahihi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio sahihi, na kikaushio cha dagaa ndiyo mfano wangu wa kutembea nao. Kama wewe una mashine ya kubangua mise (kokwa za chikichi), kinu cha kukamulia chikichi au mzinga mpya wa nyuki wa Urambo, badilisha jina la kitu. Mpangilio unabaki ule ule.

Kaa mwaloni kabla ya kugusa chuma

Kabla hujanunua hata kipande kimoja cha skwea paipu, nenda anakofanyia kazi mtu unayetaka anunue kitu chako, ukakae naye. Mimi nilikaa wiki mbili kati ya Kibirizi na Katonga. Usimuulize, "Mama, nikikuletea mashine ya kukausha utanunua?" Watu wetu wana adabu. Atakujibu, "Ndiyo mwanangu, tuletee," kwa sababu hataki kukuvunja moyo, na wewe utarudi nyumbani ukidhani una soko.

Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho mvua iliponyesha, ulifanya nini? Ulipoteza ndoo ngapi? Uliuza kwa shilingi ngapi, na siku ya jua ungeuza kwa ngapi? Kitu gani ulichonunua mwisho ili kujikinga na mvua, na kiligharimu kiasi gani? Mtu aliyekwisha kutoa fedha kwa turubai na mbao za chanja ana shida ya kweli. Asiyewahi kutoa hata senti, shida yake huenda ni ndogo kuliko unavyoiona wewe.

Kukaa kule kulinibadilishia mashine nzima. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa kibanda kikubwa cha matofali. Mama mmoja aliutazama, akaniambia, "Mwanangu, hicho nitakiweka wapi? Hapa eneo si langu, ni la kupanga." Siku ile nilijua kwamba kikaushio lazima kibebwe na watu wawili na kiingie kwenye bajaji.

Nilijifunza na kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi hupumzika. Mashine itakayouzwa kwa hesabu ya siku 30 kwa mwezi imeuzwa kwa uongo. Kuna pia kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwangu hiyo haikuwa habari mbaya, maana miezi ile ni ya kiangazi, na kikaushio changu kina kazi hasa wakati wa masika. Kwa mtu anayeuza barafu au nyavu hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Piga hesabu ya maumbile kabla ya hesabu ya fedha

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapofia bila mwenyewe kujua.

Chukua kilo 50 za dagaa wabichi. Karibu robo tatu ya uzito huo ni maji, kwa hiyo nyama na mifupa ni kama kilo 12.5. Ukitaka dagaa mkavu aliyebakiwa na maji asilimia 12 hivi, utapata takribani kilo 14. Kilo 36 za maji lazima ziondoke hewani, na hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kama megajuli 2.4. Kilo moja ya mkaa mzuri ina kama megajuli 29. Kwa karatasi, kilo 3 za mkaa zingetosha. Lakini kikaushio cha kienyeji hupoteza joto jingi, na kikishika robo ya nishati kimefanya vizuri. Kwa hiyo ni kilo 12 za mkaa kwa kila kilo 50 za dagaa wabichi.

Niliposhusha kalamu nilijua kuwa kikaushio cha mkaa mtupu hakitauzika Kigoma. Nikageuza mpango: jua lifanye sehemu kubwa ya kazi kupitia paa jeusi la bati na karatasi ya nailoni, mkaa uwe wa kuokoa tu pale wingu linapofunga. Hesabu ya dakika kumi iliniokoa gharama ya kutengeneza kitu kisichofaa.

La pili ni hewa. Joto bila upepo linapika dagaa, halimkaushi. Nje anakuwa mgumu, ndani amebaki na maji, na ndani ya gunia anaota ukungu. Nunua kipimajoto, ukiweke kwenye trei ya chini na ya juu, na saa za mwanzo usiruhusu joto lipite nyuzi 45. Dohani refu linalovuta hewa lina thamani kuliko jiko kubwa.

Kila shughuli ina hesabu yake ya namna hii. Anayetengeneza mashine ya chikichi ajue kwamba dura, mchikichi wa asili tulionao wengi, ana gamba nene na nyama kidogo, na kwamba tenera, aliyetokana na kumchanganya dura na pisifera, ana gamba jembamba. Mashine iliyopimwa kwa tenera wa kituo cha utafiti cha Kihinga haitatoa mafuta yale yale kwa dura wa bibi yako kule Simbo.

Tafuta kama mwingine amekwisha kukivumbua

Ukiandika maneno ya Kiswahili kwenye intaneti hutapata kitu, utafurahi bure. Kwenye hataza, yaani haki ya kisheria inayowazuia wengine kuiga uvumbuzi wako, kilichochapishwa popote duniani na kwa lugha yoyote kinahesabika. Tafuta kwa Kiingereza, na Kifaransa pia, kwa sababu Afrika Magharibi wamefanya kazi kubwa sana ya samaki wakavu. Patentscope, ambayo ni hazina ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, na Espacenet ya Ulaya zote ni za bure. Tafuta kwa kazi ya mashine, kisha kwa sehemu zake, kisha kwa jina la samaki. Soma michoro kwanza, maneno baadaye.

Mimi nilikutana na tanuri la Chorkor la Ghana na tanuri la FAO-Thiaroye la Senegal. Niliumia siku moja, kisha nikafurahi. Hayo ni matanuri ya kubanika, yangu ni ya kukausha, lakini wazo la trei zinazopangwa juu kwa juu lilikuwepo miongo kadhaa kabla yangu. Kwa hiyo singeweza kulidai. Nilichobaki nacho kikiwa kipya kilikuwa kitu kimoja kidogo: namna trei zinavyogeuzwa zote kwa mpini mmoja bila kufungua mlango. Ni afadhali ujue mapema sehemu yako iliyo mpya ni ipi, hata kama ina ukubwa wa kiganja.

Utafutaji huu una faida nyingine ambayo watu huisahau. Hataza hulinda katika nchi iliposajiliwa tu. Ukikuta kifaa kizuri kilichosajiliwa nchi za mbali na hakikusajiliwa kwetu, au muda wake umekwisha, unaweza kujifunza kutoka kwenye maelezo yake na kukitumia hapa bila kumwibia mtu.

Tengeneza sampuli kimya kimya

Sampuli ya kwanza iwe ya mbao, wavu na misumari. Kazi yake ni kukuonyesha ulipokosea, na ni vyema ukosee kwa mbao kuliko kwa chuma. Ya pili ndiyo iende kwa fundi wa kuchomelea. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ipo Kigoma tangu zamani na kazi yake, toka ilipoanzishwa mwaka 1973, ni kuhudumia watu kama wewe. Nenda ukaulize karakana, mafunzo na ushauri kabla hujatafuta fundi wa mtaani. Kwa trei zinazogusa chakula tumia wavu wa chuma kisichoshika kutu. Mabati ya kawaida yakikutana na joto na unyevu wa samaki hayakai.

Sasa suala la siri. Uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani kabla ya maombi ya hataza unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya, na aliyeuonyesha akawa ni wewe mwenyewe. Kijana mmoja ninayemfahamu alipeleka mashine yake kwenye maonesho kabla ya kuandika lolote. Watu walipiga picha kwa simu, na masika yaliyofuata aliikuta mashine ile ile ikiuzwa na karakana nyingine kwa bei ya chini. Hakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo: jaribu uani kwako, si mwaloni. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Fundi asaini karatasi fupi ya Kiswahili inayosema anatengeneza kwa mchoro wako, hataonyesha wala kutengenezea wengine, na kwamba akiongeza wazo lake mtaandika ni la nani na atapata nini. Hilo la mwisho usilipuuze. Fundi akikuambia, "Kaka, hapa tuweke beringi," na beringi hiyo ndiyo ikafanya mashine iende, huyo ana haki ya kutajwa, na ni bora myamalize mkiwa bado marafiki. Ikiwezekana, mgawanye kazi: fundi mmoja fremu, mwingine mpini. Weka na daftari lenye kurasa zilizoshonwa, tarehe kila siku, michoro, makosa na vipimo. Daftari halikupi hataza, lakini litakusaidia kuandika maombi na kuonyesha nani alifanya nini.

Jaribio lenyewe liwe la haki. Nunua dagaa wa boti moja, gawa mara mbili kwa mizani, nusu kwenye chanja na nusu kwenye kikaushio, saa ile ile. Andika uzito kila baada ya saa mbili. Mwisho, mpelekee mchuuzi mafungu yote mawili bila kumwambia lipi ni lipi, umuulize bei ya kila fungu. Rudia siku ya jua, siku ya wingu na siku ya mvua, angalau mwezi mmoja mzima wa giza na mbalamwezi. Kwangu siku za jua kali chanja ilikaribia kushinda, na niliandika hivyo hivyo. Mnunuzi ataligundua mwenyewe. Ni heri alisikie kutoka kwako.

Peleka maombi BRELA

Hataza, alama za biashara na majina ya biashara Tanzania Bara yote yako BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na maombi hufanyika kwa mtandao, kwa hiyo huhitaji kwenda Dar es Salaam. Sheria ya hataza ni ya mwaka 1987. Inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, yaani mtaalamu wa fani hiyo asione ni jambo la wazi, na uweze kutumika kiwandani au katika kazi. Hataza hudumu miaka 10 tangu tarehe ya maombi, ikiweza kuongezwa, na kuna ada za kila mwaka. Ukisahau ada, haki inaondoka. Kwa maboresho madogo ambayo hayana hatua kubwa ya kivumbuzi kuna cheti chepesi zaidi, cha muda mfupi. Uvumbuzi mwingi wa karakana zetu unafaa huko, na hakuna aibu yoyote.

Sehemu ngumu ya maombi ni madai, zile sentensi zinazosema unalinda nini hasa. Ukiandika "kikaushio cha dagaa chenye trei" umedai vilivyokuwepo, utakataliwa. Ukiandika "mpini wa bomba la nusu inchi lenye meno 12" umejifunga mwenyewe. Mwigaji ataweka meno 14 na kuondoka zake. Madai mazuri yanaeleza namna kitu kinavyofanya kazi bila kukifunga kwenye kipimo kimoja. Kama una fedha ya kumlipa wakili au mtaalamu mara moja tu katika safari hii, mlipe hapa.

Kumbuka Zanzibar ina usajili wake. Halafu kuna majirani, na kwa Kigoma hili ni zito. Kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare, unaweza kuomba ulinzi katika nchi kadhaa kwa maombi mamoja, Zambia na Rwanda zikiwemo. Burundi na Kongo hazimo. Maana yake fundi wa Uvira au Kalemie anaweza kuiga kikaushio chako kihalali kabisa, isipokuwa uwe umeomba kule kule. Ukishawasilisha maombi hapa una miezi 12 ya kufanya hivyo huku ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza. Mimi niliamua kutofanya. Fedha hiyo niliiweka kwenye alama ya biashara na vipuri, na sijuti.

Nitasema wazi ninavyoona: kwa mashine ambayo fundi yeyote akiitazama nusu saa anaielewa, hataza peke yake ni uzio mfupi, kwa sababu kesi ni gharama na muda. Jina zuri lililosajiliwa linalinda kwa namna nyingine. Alama ya biashara hapa hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, bila kikomo. Mama wa Katonga hasomi madai ya hataza, lakini anajua jina la mashine iliyomwokolea dagaa wake.

Tarehe ya maombi ikishapatikana, toka hadharani. Sasa ndiyo wakati wa Nane Nane ya Kanda ya Magharibi pale Ipuli, Tabora, wakati wa Saba Saba, na wakati wa MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambayo kwa wengi yamekuwa mlango wa kufika COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Bei inatoka kwa mnunuzi

Wengi hujumlisha chuma, fundi na faida kidogo, wakapata bei. Anza upande wa pili: mashine itamrudishia mama fedha yake baada ya muda gani? Hizi namba ni za kuonyesha njia tu, weka za kwako. Kikaushio kinatoa kilo 14 kavu. Tuseme siku ya mvua dagaa wake wanapata shilingi 3,000 zaidi kwa kilo kuliko walioharibika: ni 42,000. Toa mkaa kilo 4 (jua la kabla na baada ya mvua likiwa limefanya kazi iliyobaki), tuseme 2,800, na kijana wa kusaidia 5,000. Zinabaki 34,200. Katika siku 20 za uvuvi kwa mwezi, tuseme 8 ni za mvua: 273,600 kwa mwezi. Kikaushio cha 900,000 kinarudisha fedha ndani ya miezi mitatu na kidogo, yaani kabla masika hayajaisha. Hapo mazungumzo yanawezekana. Kingehitaji masika mawili, asingenunua, na angekuwa na haki.

Kisha ndipo uangalie kama unaweza kukitengeneza chini ya bei hiyo. Usisahau usafiri wa wavu kutoka Dar es Salaam, vipuri, matengenezo ya bure ya miezi ya kwanza, na ujira wako mwenyewe.

Fedha taslimu ya 900,000 wachache wanayo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kukopa bila riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mgawanyo ukiwa 4, 4 na 2. Msaidie mteja kuandika andiko lake kwa kutumia matokeo ya daftari lako. Ni kazi ya siku mbili, na inaweza kukuuzia mashine tano.

Utengeneze mwenyewe au uwape wengine?

Kama una eneo, mtaji na moyo wa kusimamia watu, tengeneza: sajili jina BRELA, pata TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri, zungumza na TBS kuhusu viwango, na kama ni mdogo pitia SIDO upate barua ya utambulisho. Kama wewe ni mtu wa kuwaza na kuchora, toa leseni kwa karakana yenye uwezo, ikulipe mrabaha kwa kila mashine. Mkataba uwe wa maandishi, utaje eneo (mkoa wa Kigoma tu, au na Tabora na Katavi?), muda, kiasi kwa kila kipande, na idadi ya chini ya kutengeneza kwa mwaka. Bila idadi hiyo karakana inaweza kukalia mashine yako ili isishindane na yao. Kila mashine iwe na kibati chenye namba, na namba hizo uzitoe wewe. Ndivyo utakavyojua zimetengenezwa ngapi.

Wakati huu ndio watakapokupigia simu. Mtu mwenye sauti nzuri atasema ana mwekezaji wa nje anayependa sana uvumbuzi wako, ila utangulize ada ya tathmini. Mwekezaji wa kweli hakuombi fedha. Ukiomba ulinzi wa kimataifa zitakuja na barua zenye nembo kama za serikali zikidai malipo ya kuchapisha. WIPO yenyewe imekuwa ikionya juu ya barua hizo kwa miaka. Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye akaunti yako ya BRELA au wasiliana na ofisi husika mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe.

Mashine tano za kwanza

Uza tano, usimame. Zote ziwe mahali unapofika kwa daladala, maana utakuwa unafika kila wiki. Mimi yangu moja ilikaa Kibirizi, nyingine Katonga. Wiki ya tatu nilikuta mama mmoja ameufunga mpini kwa kamba na anageuza trei kwa mkono, kwa sababu mpini ulikuwa mrefu na ulimgonga mtoto wake mgongoni. Mwingine alikuwa anakaushia mihogo siku za mbalamwezi, jambo ambalo sikuwa nimeliwaza, na ndilo lililofanya majirani zake watatu waulize bei.

Niliufupisha mpini kwa mashine zote tano bila malipo, nikaongeza trei yenye wavu mpana wa mihogo, na ya sita ilikuwa imelipiwa nusu kabla sijaanza kukata chuma.